Wimbo wa Mariya Takeuchi umenifikia wenyewe: nani aliulipia, na je, naweza kuuimba kwa Kiswahili?

Swali: "Nina umri wa miaka 24, niko Morogoro, nina chaneli ya YouTube yenye wafuatiliaji 1,400 ambako naimba nyimbo za wasanii wengine. Mwaka jana nilikuwa nasikiliza muziki wa taratibu usiku, nikasinzia, nikaamka unapigwa wimbo wa Kijapani, 'Plastic Love' wa Mariya Takeuchi. Sijui neno hata moja la Kijapani, lakini nimeusikiliza mpaka majirani wameujua. Rafiki yangu anasema hizo ni pesa tu, kampuni imelipa YouTube ili wimbo usukumwe. Mwingine anasema huyo mama hakuwahi kujulikana hata kwao, intaneti ndiyo iliyomtoa. Nani mkweli? Halafu nimeandika maneno ya Kiswahili juu ya biti ileile, nimesharekodi, bado kupandisha tu. Naweza? Na kilichombeba yeye kinaweza kunibeba na mimi?"

Ndugu yangu, kwanza nakuomba hiyo video usiipandishe. Kazi yako haijapotea bure, na sehemu kubwa yake inaokoleka, lakini ilivyo sasa inaweza kukugharimu chaneli nzima. Sababu zake zimo ndani ya historia ya wimbo wenyewe, kwa hiyo vumilia tuanzie huko.

Rafiki zako wote wawili wamekosea. Anayesema intaneti ndiyo iliyomtoa ana robo ya ukweli. Mariya Takeuchi alizaliwa 1955 huko Taisha, mkoa wa Shimane, akasoma Chuo Kikuu cha Keio, na akatoa albamu yake ya kwanza Novemba 1978. Mwaka 1980 wimbo wake mmoja ulitumika kwenye matangazo ya vipodozi vya Shiseido na ukapigwa Japani nzima. Mwishoni mwa 1981 alipumzika jukwaani, mwaka uliofuata akaolewa na Tatsuro Yamashita, mwanamuziki na prodyuza mwenye jina kubwa, na Aprili 1984 akarudi na albamu Variety, ambayo nyimbo zake zote alizitunga mwenyewe. Ilifika namba moja kwenye Oricon, chati ya mauzo ya muziki ya Japani. Mkusanyiko wake wa 1994, Impressions, uliuza nakala zaidi ya milioni 3. Mtu wa namna hiyo alikuwa nyota kwao muda mrefu kabla YouTube haijazaliwa.

Robo ya ukweli ni kwamba wimbo wenyewe haukuwa mkubwa. "Plastic Love" umo ndani ya Variety, na ulipotolewa peke yake Machi 1985 kwenye santuri ya inchi 12 uliuza nakala kama 10,000 na kuishia nafasi ya 86. Mjapani wa makamo ukimwomba akutajie wimbo wa Takeuchi, huenda akaanza na mwingine kabisa. Dunia ya nje ilimfahamu mwimbaji mkubwa kupitia wimbo ambao kwao ulipita kimyakimya, na ndiyo maana watu wakadhani naye alikuwa amepita kimyakimya.

Sasa la pesa. Julai 2017 shabiki mmoja aliyejiita Plastic Lover alipandisha toleo refu la wimbo huu, kama dakika 8, juu ya picha moja isiyosogea: msichana anacheka, picha nyeusi na nyeupe. Hakuwa mtu wa kampuni na hakuwa na ruhusa. Warner Music Japan, wenye rekodi, hawakuweka video rasmi mpaka Mei 2019, tena kipande cha dakika moja na nusu hivi. Video kamili ilikuja Novemba 2021. Kampuni inayolipia wimbo usukumwe haiwezi kukaa karibu miaka miwili bila hata kuuweka kwenye chaneli yake.

Kilichotokea ni hiki. Mfumo wa mapendekezo wa YouTube, wenyewe vijana mnauita algorithimu, ulielezwa hadharani na wahandisi wa Google mwaka 2016, na wakasema unafanya kazi kwa hatua mbili. Hatua ya kwanza huchuja mamilioni ya video mpaka zibaki mamia, hasa kwa kuangalia watu wenye mwenendo kama wako walitazama nini. Hatua ya pili huzipanga hizo mamia. Na tangu 2012 YouTube imeupa uzito mkubwa muda ambao mtu anakaa na video, maana kubofya peke yake kulikuwa kunawapa ushindi wenye vichwa vya habari vya uongo. Mfumo wa namna hiyo hauhitaji kujua Kijapani. Unachofuata ni nyayo za watu.

Tazama basi ni watu gani waliokuwa wanakaa na wimbo huu. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 kulikuwa na vijana, wengi wao Marekani na Ulaya, waliokuwa wakikata vipande vya pop ya Kijapani ya miaka ya 80, ile inayoitwa city pop, na kuvigeuza kuwa mitindo ya intaneti kama vaporwave na future funk. Prodyuza wa Korea Kusini, Night Tempo, alitoa rimiksi yake ya "Plastic Love" mwaka 2016, mwaka mmoja kabla ya ile video. Kwa hiyo kundi la watu ambao wangeusikiliza wimbo asilia mpaka mwisho lilikuwapo tayari. Nao ni watu wa kuacha muziki ukipiga wakati wanasoma, wanafanya kazi au wanalala. Dakika 8 zinapita mkono haujagusa simu. Kwa mfumo unaopima muda, hiyo ni dalili nzuri kuliko nyingi, basi ukaanza kuujaribu wimbo kwa watu wa jirani: wapenzi wa katuni za Kijapani, wa jazi nyepesi, wa biti za kusomea. Wewe ulikuwa unasikiliza muziki wa taratibu na umesinzia, simu inaendelea yenyewe. Ulikuwa hasa mtu ambaye wimbo ule ulikuwa unajaribiwa kwake, na kwa kuuacha upigwe mpaka mwisho ukauongezea nafasi ya kupelekwa kwa mwingine.

Kuna sababu nyingine ambayo wengi hawaitaji, na mimi naiona nzito sawa na hiyo. Kampuni za muziki za Japani zilichelewa sana kuingia mtandaoni. CD zilikuwa bado zinauzwa vizuri, Spotify ilianza huduma nchini humo mwaka 2016 tu, na nyimbo nyingi za zamani hazikuwa zimewekwa rasmi popote. Wimbo wa Kimarekani wa mwaka uleule wa 1984 una video rasmi, ya tamasha, yenye maneno, na nakala kumi za mashabiki, hivyo watazamaji wanagawanyika. Huu ulikuwa na anwani moja kubwa. Kila aliyeutafuta alitua palepale, na hesabu zote zikarundikana kwenye video moja.

Ila mfumo humfikisha mtu kwenye sekunde ya kwanza tu. Kumfanya abaki mpaka wimbo uishe ni kazi ya waliokuwa studio. Vaa spika za masikioni uusikilize tena: gitaa ni la Yamashita, ambaye pia ndiye aliyeupanga wimbo, besi ni ya Koki Ito, ngoma ni za Jun Aoyama. Kasi ni kama mapigo 102 kwa dakika, mwendo wa mtu anayetembea haraka bila kukimbia. Ito na Aoyama wamefungana kiasi kwamba huwezi kumtoa mmoja ukabaki na wimbo. Juu yake Takeuchi anaimba kwa sauti tulivu maneno ya mwanamke aliyeumizwa ambaye sasa anayafanya mapenzi kuwa mchezo, na ule utulivu ndio unaouma. Wewe hukuelewa maneno, lakini sauti isiyolalamika juu ya muziki wa kuchezeka uliisikia.

Sasa tuje kwako. Mwishoni mwa 2018 video ile ya shabiki, ikiwa imeshatazamwa zaidi ya mara milioni 20, iliondolewa. Wengi waliwalaumu Warner. Aliyelalamika alikuwa mpiga picha, Alan Levenson. Picha ile aliipiga yeye huko Los Angeles, na ilikuwa imetumika kwenye jalada la singo nyingine ya Takeuchi ya mwaka 1980, wala haikuhusiana na "Plastic Love". Video ilirudi 2019, safari hii ikimtaja mwenye picha. Tukio hilo linaonyesha wazi kwamba video moja ya muziki hubeba mali za watu tofauti. Upo utungo, yaani maneno na melodia, ambao ni wa Takeuchi na husimamiwa kupitia mchapishaji wake wa muziki. Ipo masta, yaani ile rekodi iliyofanywa studio, ambayo iko kwa Warner. Na ipo picha. Ruhusa ya mmoja haikupi ya mwingine.

Usijifariji kwamba wimbo ni wa zamani. Tangu Desemba 30, 2018 Japani inalinda utungo kwa maisha yote ya mtunzi na miaka 70 baada ya kifo chake, na rekodi kwa miaka 70 tangu itolewe. Masta ya 1984 inalindwa mpaka mwisho wa 2054.

Rekodi yako, kwa ulivyoeleza, inagusa viwili. Umeimba juu ya biti ya Warner, na umebadili maneno ya Takeuchi. Tuanze na biti. YouTube ina chombo kinachoitwa Content ID, ambacho hulinganisha sauti ya kila video inayopandishwa na alama za sauti walizoweka wenye mali. Kikikutambua, mwenye mali huwa amechagua mapema moja kati ya matatu: kuizuia video, kuiacha na kuchukua mapato ya matangazo, au kuiacha na kufuatilia takwimu zake. Hilo linaitwa dai, na kwa kawaida haliijeruhi chaneli. Kinachojeruhi ni ombi la kisheria la kuondoa video, kama alilolifanya yule mpiga picha. Hilo linakupa straiki, yaani onyo rasmi la hakimiliki. Straiki 3 ndani ya siku 90 na chaneli inafungwa, pamoja na kazi zako zote nyingine zisizo na kosa. Najua kuna ushauri unaozunguka kwamba ukipunguza kasi kidogo au kupandisha sauti nusu noti utapenya. Mara nyingi hupenyi, na hata ukipenya bado masta ni ya mtu, anaweza kukuta baada ya mwaka.

Suluhisho la biti ni kuipiga upya. Tafuta mpiga besi, mpiga kinanda na mpiga ngoma, au mtengeneze kwa programu mkianza na mradi mtupu. Msiingize hata sekunde mbili za rekodi asilia. Mkifanya hivyo masta inatoka kwenye hesabu, unabaki na utungo tu.

Kwenye utungo ndipo watu wengi wanapopotea. Kuimba wimbo wa mtu kama ulivyo na kuuweka YouTube ni jambo ambalo mara nyingi limeshafanyiwa mpango: YouTube ina mikataba na vyama vya watunzi, kikiwamo JASRAC cha Japani kilichoanzishwa 1939. Matokeo ya kawaida ni dai, matangazo yanamlipa mtunzi, video inabaki. Lakini kutafsiri maneno, au kuandika mengine mapya juu ya melodia ileile, ni haki nyingine kabisa. JASRAC haisimamii tafsiri wala mabadiliko ya wimbo. Anayeweza kukuruhusu ni mwenye utungo, kwa kupitia mchapishaji wake, na sheria ya Japani humpa mtunzi nguvu kubwa ya kukataa kazi yake isiguswe. Hivyo toleo lako la Kiswahili, hata likiwa na bendi yako mwenyewe, linahitaji barua.

Barua hiyo huandikwa hivi. Fungua J-WID, hazina ya nyimbo ya JASRAC, utafutaji wake ni bure. Tumia maandishi ya Kijapani, maana kwa herufi zetu matokeo huwa pungufu: jina lake ni 竹内まりや, na la wimbo ni プラスティック・ラブ. Utapata namba ya wimbo na jina la mchapishaji. Nakili vyote viwili bila kukosea. Mwandikie mchapishaji kwa Kiingereza chepesi, au Kijapani kama unaye wa kukusaidia. Taja namba ya wimbo, jina lako la kisanii, utautoa wapi, kama utaingiza pesa, kisha ambatanisha maneno yako ya Kiswahili na chini ya kila mstari uandike maana yake kwa Kiingereza, ili waone hukumtia mtunzi maneno asiyoyakubali. Weka kiungo cha rekodi ya majaribio ambacho hakiko wazi kwa umma. Subiri, na baada ya wiki 6 hivi kumbushia mara moja. Wanaweza kukataa, wanaweza kunyamaza. Kunyamaza si ruhusa. Kwa msanii wa kujitegemea mwenye wafuatiliaji 1,400, nadhani uwezekano wa kukubaliwa ni mdogo, na ni bora ulijue hilo sasa kuliko kungoja nusu mwaka.

Ndiyo maana ningekushauri njia ambayo hukuitaja: uimbe kwa Kijapani. Wimbo mwingine wa zama zilezile, "Mayonaka no Door" wa Miki Matsubara, ulitoka Novemba 1979. Oktoba 2020 kijana wa Indonesia, Rainych, aliuimba kwa Kijapani hichohicho na kuuweka YouTube, na Desemba mwaka huo wimbo wa Matsubara ukaongoza orodha ya dunia ya Spotify ya nyimbo zinazoenea kwa kasi. Muimbaji mgeni hakuuficha wimbo asilia. Alipeleka watu kwake.

Nawe una faida ambayo Mzungu hana. Kijapani kina irabu tano kama zetu, na silabi zake karibu zote zinaishia na irabu. Ile "n" inayosimama peke yake kama silabi hutakwama nayo, kwa sababu umezoea "m" ya "mtu". Utakapoteleza ni pengine: irabu ndefu huchukua mapigo mawili kamili, konsonanti mbili zikifuatana kuna kusita kwa pigo moja, na "u" yao hutamkwa bila kuchomoza midomo. Chukua maneno yaliyoandikwa kwa herufi za Kilatini, yagawe silabi kwa silabi, yaseme kwanza bila kuyaimba juu ya metronomu (kifaa cha kugonga mapigo) ya 70, kisha panda mpaka 102. Usiruke kwenye kiitikio kabla beti hazijakaa.

Na yale maneno ya Kiswahili uliyoandika? Yape melodia yako. Mtindo hauna mwenyewe: besi inayochezacheza, piano ya umeme, gitaa la kukwaruza, tarumbeta zinazojibu sauti, vyote hivyo uko huru navyo. Ukitunga melodia mpya na mfuatano wako wa sauti za gitaa, unakuwa na wimbo ambao kila senti yake ni yako, na unaweza kuupeleka popote bila barua kwa mtu. Kwa ladha yangu hii ndiyo njia yenye mustakabali zaidi kuliko zote.

Kuhusu pesa na Takeuchi, namba za kutazamwa si mshahara. Video ya shabiki humlipa mwenye mali tu pale dai lilipowekwa na matangazo yakawashwa. Ukitaka akupate kama msikilizaji, sikiliza kwenye video rasmi au kwenye huduma za muziki. Spotify huhesabu msikilizo baada ya sekunde 30. Kwa upande wako, kuingia kwenye malipo ya matangazo ya YouTube unahitaji wafuatiliaji 1,000, ambao unao, pamoja na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au video fupi zilizotazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90. Chaneli iliyojaa nyimbo za wengine inaweza kufikisha saa hizo na mapato yakaendelea kwenda kwa watunzi.

Kama utabebwa na wewe? Sitakudanganya. Matsubara alifariki Oktoba 2004, akiwa na miaka 44, hakuyaona hayo ya 2020. Wimbo wa Takeuchi ulingoja miaka 33. Visa hivyo viwili tunavijua kwa sababu vilitokea. Rekodi nzuri zilizolala palepale ni nyingi mno. Unachoweza kukishika mkononi ni ule muda wa kukaa. Fungua takwimu za chaneli yako, angalia mchoro unaoonyesha watazamaji wanaondoka sekunde ya ngapi. Kama wengi wanatoka kabla ya sekunde 20, kata ule utangulizi wa kusalimia na anza na sauti. Wala usinunue watazamaji. Mbali na kuvunja masharti ya YouTube, watazamaji wa kununua hukaa sekunde chache na kuondoka, na mfumo husoma kwamba video yako haimshiki mtu, hata wale halisi ukaacha kuwapelekea.

Kwa mengi ya haya hutahitaji mtu. Lakini yapo ya kumwona mtaalamu ana kwa ana: ukijibiwa na mchapishaji na kutumiwa mkataba wa kusaini, ukipata straiki na ukataka kuipinga, au mtu akitaka kuununua wimbo wako mpya. Pingamizi la straiki ni tamko la kisheria. Mlalamikaji hupewa siku 10 za kazi kuonyesha amefungua hatua mahakamani, kwa hiyo halijazwi kwa hasira usiku. Anza na COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, ambako pia unaweza kusajili wimbo wako kabla haujatoka, kisha wakili anayeshughulika na hakimiliki kama kuna fedha mezani. Nenda na maneno yaliyochapishwa, faili za mradi wa studio zenye tarehe, makubaliano ya maandishi na wapigaji wako hata kama ni marafiki, na barua pepe zote ulizotuma na kupokea.